Bullet, Kaweco Sport au kalamu ya kurefuka: kuchagua kalamu ndogo ya kila siku na kuipima kwa haki kwenye video

Anayetafuta kalamu ndogo ya kukaa mfukoni kutwa nzima hukutana na aina tatu zinazojirudia katika video nyingi za mapitio. Ya kwanza ni Bullet ya kampuni ya Fisher, bolpeni ya chuma ambayo wino wake husukumwa na gesi. Ya pili ni Kaweco Sport, kalamu ya wino yenye nibu, yaani ncha ya chuma iliyopasuliwa katikati, na kifuniko kinene chenye pande nane. Ya tatu ni kundi la bolpeni nyembamba ambazo hurefuka zikivutwa, na Zebra SL-F1 ni mfano mmoja wa kundi hilo. Zote tatu hufichika kiganjani zikiwa zimefungwa, na zote hurefuka pale zinapohitajika, ila kila moja hurefuka kwa namna yake, na namna hiyo ina uzito mkubwa kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani.

Makala haya yanamlenga mtu aliyekwisha kutazama video za kutosha na bado hajaamua, pamoja na yule anayetaka kurekodi mapitio yake mwenyewe na hajui aanze kuonyesha nini. Kwa maoni yangu, kalamu ya mfukoni huamuliwa kwanza na muda unaopita tangu mkono unapoingia mfukoni hadi neno la kwanza linapoonekana, na pili na karatasi ambayo mtu hukutana nayo katika shughuli zake. Kwa bahati mbaya, hayo ndiyo mambo mawili ambayo wahariri wa video huyakata kwanza.

Vigezo vinavyotumika hapa ni sita: ukubwa wa kalamu ikiwa imefungwa na ikiwa tayari kuandika, namna ya kuifungua, mwenendo wa wino kwenye karatasi, usalama wake mfukoni na safarini, upatanifu wa wino wa akiba, na namna inavyoonekana mbele ya kamera. Havina uzito sawa, na sitajaribu kuvilinganisha kwa kuvipa alama.

Ukubwa

Bullet iliyofungwa ina urefu wa takriban sentimita 9.5, na kifuniko kikichomekwa nyuma hufikia sentimita 13.5 hivi. Sport ina karibu sentimita 10.5 ikiwa imefungwa, na sentimita 13 na ushei kifuniko kikiwa nyuma. Kwa hiyo zote mbili huupa mkono urefu unaokaribia ule wa kalamu ya kawaida, lakini kwa sharti kwamba kifuniko kichomekwe nyuma, kwa sababu bila hicho kitako cha kalamu huishia kabla ya kufika kwenye uwazi ulio kati ya kidole gumba na cha shahada. Mtu ambaye hapendi kabisa kuchomeka kifuniko nyuma asidhani kwamba atazoea.

Kalamu ya kurefuka ndiyo fupi na nyembamba kuliko zote ikiwa imefungwa, na ndiyo pekee inayoweza kuingia kwenye uti wa daftari dogo bila kulitanua. Hata hivyo, ikivutwa hadi mwisho bado hubaki fupi kuliko zile mbili, na wembamba wake huvilazimisha vidole vibane kwa nguvu. Kwa mistari mitatu au minne hilo si tatizo. Kwa ukurasa mzima, misuli iliyo chini ya kidole gumba itakukumbusha. Sport ndiyo nene zaidi, na ile ya plastiki ina uzito wa gramu 10 tu hivi, ilhali ya alumini ni kama maradufu yake na ya shaba ya njano hupindukia gramu 40.

Kufungua

Bullet hufunguliwa kwa kuchomoa kifuniko moja kwa moja. Ni tendo fupi na la kimya, lakini linahitaji mikono miwili, na kromu yake laini huteleza vidole vikiwa na jasho au maji. Baada ya hapo kifuniko huchomekwa nyuma, kwa hiyo kwa hakika ni matendo mawili. Sport nayo ina matendo mawili, ila la kwanza ni la kuzungusha: kifuniko kina uzi wa skrubu na hutoka baada ya mzunguko mmoja na zaidi kidogo. Anayeandika huku simu ikiwa sikioni ataona usumbufu huo mara moja. Kwa upande mwingine, skrubu hiyo ndiyo inayomhakikishia mwenye kalamu kwamba kifuniko hakitafunguka chenyewe mfukoni, jambo ambalo kifuniko cha kubana hakiwezi kuahidi kwa kiwango kile kile.

Kalamu ya kurefuka huvutwa ncha zake mbili kwa wakati mmoja, na kwa mvuto huo huo ncha ya kuandikia hutokea. Kuifunga ni rahisi zaidi, kwa kuwa unaweza kuisukumia kwenye kiganja au ukingo wa meza. Faida yake kubwa haitajwi sana: haina kifuniko, kwa hiyo hakuna kinachoweza kubaki mkononi mwa mtu aliyeiazima. Yeyote anayefanya kazi kwenye dawati la mapokezi anajua jinsi kalamu inavyorudi ikiwa uchi.

Suala la kuazima lina upande mwingine. Mtu aliyezoea bolpeni akipewa Sport huikandamiza karatasini kama bolpeni, mara nyingi akiwa ameishika nibu ikiwa imelala ubavu, na anapoona haiandiki huongeza nguvu. Nibu ya chuma cha pua huvumilia mengi, lakini ncha zake mbili zikishaachana hazirudi zenyewe. Ikiwa kalamu yako huombwa na watu kila siku, zingatia hilo kabla ya kuzingatia rangi.

Niseme pia kwamba hakuna hata moja kati ya hizi tatu inayofunguka vizuri kwa mkono mmoja. Mtu ambaye mkono wake wa pili huwa umeshika kamba, ngazi au mtoto anahitaji bolpeni fupi ya kubonyeza kwa kidole gumba, na ulinganisho huu haumhusu sana.

Wino na karatasi

Bolpeni ya kawaida hutegemea uzito wa wino wenyewe kushuka hadi kwenye gololi ya ncha, na ndiyo maana ukiandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, au ukiwa umelala chali, mstari hufifia baada ya maneno machache. Bullet iliondoa utegemezi huo kwa mrija uliozibwa kabisa, wenye gesi ya nitrojeni iliyoshindiliwa nyuma ya wino, na wino ambao hubaki mzito kama ute mpaka gololi inapozunguka na kuulainisha. Matokeo yake ni kwamba huandika ikiwa imeelekezwa juu, kwenye karatasi yenye unyevu, na katika halijoto ambazo mtengenezaji anazitaja kuwa ni kuanzia nyuzi 35 chini ya sifuri hadi nyuzi 121 za Selsiasi. Hakuna mwandishi wa kawaida atakayefika kwenye mwisho wowote wa kipimo hicho, ila anayeacha kalamu ndani ya gari lililofungwa juani, au anayefanya kazi kwenye chumba cha kugandishia, atanufaika.

Uthabiti huo una gharama yake. Chukua karatasi, andika mstari mmoja wa herufi ndogo za "e" zilizoungana, kisha tazama kwa karibu pale mkono unapopinda: utaona vitone vidogo vya wino vimejikusanya, vizito kuliko mstari wenyewe, na vitone hivyo huchafua ukingo wa kiganja visipoachwa vikauke. Mstari wa Bullet pia si mweusi kama wa bolpeni yenye wino wa jeli. Mwandishi anayejali sura ya mwandiko wake ataliona hilo siku ya kwanza, na mwandishi anayejaza fomu hataliona kamwe.

Sport iko upande wa pili kabisa. Wino wake ni wa maji, na hushuka kwa mguso tu bila kukandamiza, kwa hiyo mkono hauchoki. Nibu zake huanzia nyembamba sana hadi pana sana, yaani EF, F, M, B na BB, na kwenye karatasi nzuri yenye uso laini mstari hubadilika kidogo, mahali pengine mweusi na mahali pengine wenye mwanga, kwa namna ambayo bolpeni haiwezi kuiga. Tatizo ni kwamba karatasi nzuri ndiyo ambayo mtu aliye safarini hakutani nayo. Kwenye karatasi nyepesi ya mashine ya nakala, wino husambaa kwenye nyuzi na mstari hutoa vinywele. Kwenye karatasi nyembamba zaidi hutokeza upande wa pili. Kwenye stakabadhi zinazong'aa hukawia kukauka, na hufutika kwa kidole. Fomu zenye nakala za chini zinahitaji nguvu ya mkono ambayo nibu haipaswi kupewa. Wino mwingi wa kawaida wa kalamu hizi huyeyuka ukimwagikiwa na maji, na ule usioyeyuka huhitaji kalamu isafishwe mara kwa mara ili isizibe. Kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto huku kiganja kikifuata mstari, nibu nyembamba na wino unaokauka haraka si hiari.

Kalamu ya kurefuka haina tabia moja, kwa sababu hufuata mrija uliowekwa ndani yake. Ukiweka wa mafuta mazito, utapata mstari mkavu unaofaa kwa fomu za nakala na kwa karatasi mbaya. Ukiweka wa jeli, aina ya wino ambayo kampuni ya Sakura ya Japani iliileta sokoni mwaka 1984, utapata mstari mweusi na mlaini, ila mrija utaisha mapema zaidi. Uhuru huo wa kubadilisha ndio nguvu yake halisi. Udhaifu wake ni kwamba mirija hiyo haina msukumo wa gesi, kwa hiyo ukutani itashindwa kama bolpeni nyingine yoyote.

Mfukoni na safarini

Hapa Sport inadai nidhamu. Ikikaa kwenye mfuko wa suruali ikiwa imelala au nibu ikiwa chini, mtikiso wa kutembea huurusha wino ndani ya kifuniko, na utakapoifungua utakuta pete ya wino kwenye sehemu ile ile unayoweka vidole. Ibebe nibu ikiwa juu, kwenye mfuko wa shati au mfuko mdogo wa begi, na tatizo hupungua sana. Klipu yake huuzwa kando, na bila klipu ni vigumu kuilazimisha isimame. Kwenye ndege, hewa iliyo ndani ya kibweta cha wino hutanuka kadiri shinikizo la chumba cha abiria linavyopungua na kuusukuma wino nje; kibweta kilichojaa au kilicho tupu kabisa huwa salama kuliko kilicho nusu, na nibu ielekezwe juu wakati wa kupaa.

Bullet haijali lolote kati ya hayo. Mrija wake umezibwa na umbo lake la mviringo halina kona ya kutoboa mfuko. Usumbufu wake ni mdogo: ya kawaida haina klipu, hivyo hulala chini kabisa ya mfuko pamoja na funguo, na kromu hupata mikwaruzo. Kalamu ya kurefuka huficha ncha ikiwa imefungwa, na wembamba wake huifanya isahaulike mfukoni, jambo zuri hadi siku ya kufua. Viungo vyake vya kuteleza ndivyo vya kuchunguza, kwa kuwa vikilegea kalamu hurudi ndani kidogo kila unapoikandamiza.

Wino wa akiba

Mirija ya kalamu nyingi ndogo za kurefuka hufuata kipimo kinachoitwa D1, chenye urefu wa milimita 67 na unene wa milimita 2.35, na watengenezaji wengi huitoa kwa rangi na aina mbalimbali za wino. Ni myembamba, kwa hiyo hubeba wino kidogo. Bullet hutumia mrija wa Fisher peke yake. Mrija huo, ukiongezewa kipande cha plastiki kinachokuja nao, huingia pia kwenye bolpeni zinazotumia mrija mkubwa wa mtindo wa Parker, lakini kinyume chake hakiwezekani: mrija wa Parker, wenye milimita 98, hautoshei ndani ya Bullet. Sport huchukua vibweta vifupi vya kipimo cha kimataifa, vya watengenezaji wengi, na wengine hukijaza upya kibweta kilichokwisha kwa bomba la sindano. Kibweta kirefu hakiingii, na vifaa vya kunyonyea wino vya ukubwa wa kawaida pia haviingii.

Mbele ya kamera

Kila moja ina sehemu inayoivutia lenzi, na sehemu hiyo ndiyo ya kuitilia shaka. Kromu ya Bullet ni kioo: huonyesha taa, kamera na uso wa anayerekodi, na kwa kuwa inapendeza, mhakiki hutumia dakika nyingi kuizungusha kwenye mwanga na sekunde chache kuandika. Nibu ya Sport ikipigwa picha kwa karibu, wino ukionekana ukiwa majimaji kisha ukififia unapokauka, ni mandhari ambayo bolpeni yoyote itashindwa mbele yake, ingawa haisemi chochote kuhusu fomu utakayoijaza kesho. Kalamu ya kurefuka ina sauti na mwendo wa kuvuta, na huishia hapo. Mstari wake hauna la kuonyesha, kwa hiyo hudharauliwa kwenye video kuliko inavyostahili.

Kwa anayerekodi, marekebisho machache hubadilisha video kutoka tangazo hadi ushahidi. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga mbele ya karatasi nyeupe, huifanya karatasi kuwa ya kijivu na wino wote kuonekana sawa. Kifanye kipimo cha mwanga kisibadilike kabla ya kuanza kuandika. Weka taa upande ulio kinyume na mkono unaoandika ili kivuli kisiangukie maneno. Weka rula kando ya kalamu ikiwa imefungwa na ikiwa wazi, kisha ioneshe ikiwa mkononi, kwa maana kiganja cha mhakiki si kipimo kinachojulikana kwa mtazamaji. Andika kwenye karatasi nzuri na kwenye ile mbaya kuliko zote uliyo nayo, na geuza ukurasa ili upande wa nyuma uonekane.

La muhimu kuliko yote, iache kalamu ikae usiku mzima, kisha rekodi bila kukata tangu unapoitoa mfukoni hadi sentensi ya kwanza inapokamilika. Iwapo Sport itahitaji kuguswaguswa karatasini kabla wino haujashuka, au Bullet itaanza kwa kitone, mtazamaji anastahili kuona. Na kama kalamu ulipewa na muuzaji, liseme jambo hilo mwanzoni.

Kuna hadithi moja inayorudiwa karibu kila Bullet inapoonyeshwa, kwamba NASA ilitumia mamilioni ya dola kuunda kalamu ya angani wakati Wasovieti walitumia penseli. Sivyo ilivyokuwa. Paul Fisher aliunda mrija wenye gesi kwa fedha zake mwenyewe katika miaka ya 1960, NASA ikanunua kalamu zipatazo 400 kwa ajili ya mradi wa Apollo, na mwaka 1969 Wasovieti nao walinunua 100. Isitoshe, kalamu iliyopanda na Apollo 7 mwaka 1968 ilikuwa modeli ya AG7, ya kubonyeza. Umbo la Bullet lilibuniwa mwaka 1948, kabla binadamu hajafika anga za juu. Mhakiki anayeikosea hadithi hii huenda amesoma maelezo ya muuzaji peke yake.

Nani achukue ipi

Kama unaandika nje, kwenye mvua, ghalani au ukutani, na maandishi yako ni namba, majina na saini, Bullet inakufaa, na vitone vyake havitakusumbua. Inamfaa pia anayesafiri kwa ndege mara nyingi na yule ambaye huenda asiiguse kalamu kwa wiki nzima kisha akaihitaji ghafla, kwa sababu mrija uliozibwa haukauki kwa kukaa.

Kama una daftari lako mwenyewe, umelichagulia karatasi, na unaandika aya ndefu ukiwa umekaa, Sport italipa usumbufu wa skrubu kwa kuupumzisha mkono. Anza na ya plastiki na nibu ya F au EF, kwa kuwa nibu nyembamba huvumilia karatasi mbaya zaidi kuliko pana. Usiitegemee kwa fomu za nakala, na usiifanye kalamu yako ya pekee ikiwa watu huiazima.

Kama nafasi ndiyo kikwazo, kwa mfano unataka kalamu ya kukaa ndani ya pochi, kwenye mkanda wa daftari la mfukoni au pembeni ya kasha la simu, kalamu ya kurefuka haina mshindani kati ya hizi. Inamfaa pia asiyejua bado ni wino gani anaoupenda, kwa sababu anaweza kujaribu mirija kadhaa ya D1 bila kununua kalamu nyingine. Mwenye mikono mikubwa au maumivu ya viungo vya vidole aiache.

Anayeanza kurekodi video na ana uwezo wa kununua moja tu, aangalie wanaomtazama ni akina nani. Wapenzi wa mwandiko watakaa kuitazama Sport. Watu wa kazi za mikono watataka kuona Bullet ikiandika kwenye kadibodi iliyolowa, huku kamera ikiwa karibu kiasi cha kuuona mstari wenyewe.